Eksteno Iliyofufuliwa Muleba

Ninachokusimulia kimenitokea mimi mwenyewe, si rafiki wa rafiki, na mpaka leo kinaendelea kunitokea. Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalizane, maana wengi wamecheka na nimeshachoka kubishana. Mama yangu yuko hai. Yuko kijijini kwetu Kaagya, anapalilia migomba yake, anasali rozari yake, anagombana na kuku wake. Na mimi, mwanawe wa kumzaa, simsikii. Namwona midomo ikicheza, namwona akicheka, nasikia jogoo nyuma yake na upepo kwenye majani ya migomba, lakini sauti yake sisikii. Daktari wa masikio amenipima akasema masikio yangu ni mazima kuliko ya kwake. Na kazi yangu yenyewe ni ya masikio. Nina studio ndogo ya kurekodi muziki Kahororo, hapa Bukoba. Yangekuwa mabovu, kwaya zote zingeshanikimbia.

Sasa yalianzia wapi? Yalianzia kwenye eksteno.

Wewe usiye wa kazi hii, eksteno ni ile hard disk ya nje ya kuhifadhia kazi, ndogo ya kubeba mkononi, inayochomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Yangu sikuinunua peke yake. Nilinunua programu ya muziki, ile yenye sauti za vinanda, ngoma na vinubi, sauti nyingi kiasi kwamba ukisema uzipakue kwa bando la huku kwetu utazeeka hazijamaliza kushuka. Kwa hiyo wauzaji huzijaza kwenye eksteno, wakakutumia. Yangu ilikuja na basi kutoka Dar ikiwa imefungwa kwenye sponji. Karatasi yake ilisema wazi kwamba diski hii ni ya kufikishia mzigo tu: nakili sauti kwenye kompyuta yako, halafu iweke kabatini. Nani aliiweka kabatini? Kompyuta yangu ilikuwa imejaa, na eksteno ilikuwa imebakiwa na nafasi kubwa, tena ya bure. Wenye studio wote mjini tulifanya vilevile. Sauti tulizicheza kutoka humohumo, na kazi za wateja tukazirundika humohumo.

Tulikuwa tunabishana sana juu ya diski hizo. Wapo waliosema ni dhaifu, kwamba kitu unachopewa juu ya bidhaa hakiwezi kuwa imara, maana aliyekitoa alitaka kifike salama mara moja tu, basi. Wapo waliosema ni zilezile za dukani, zimebandikwa nembo nyingine. Mimi nilisikiliza pande zote mbili huku naendelea kujaza. Yangu ilivumilia umeme wa kukatika katikati ya kazi, ikavumilia kuchomolewa ovyo, vumbi, na safari za pikipiki za kwenda vigangoni. Tundu la waya lilipolegea nikalibana kwa kipande cha boksi, ikaendelea kuwaka. Nikaiamini.

Mchana mmoja akaja Ta Faustini, Ta yaani baba kwa Kihaya. Ni mzee wa Kaagya, anakaa si mbali na kwa mama. Mkewe, Ma Adelina, alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kigango chao. Kwaya ile niliirekodi kulekule kanisani kwao, na kabla albamu haijakamilika Ma Adelina akaugua, akafariki. Kwaya ikasimamisha kila kitu. Sasa misa ya kumbukumbu ya mwaka ilikuwa inakaribia.

"Shikamoo, Ta," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kukusumbua. Nimekuja umtoe Ma Adelina."

"Nimtoe wapi, Ta?"

"Humo kwenye mashine yako. Ule wimbo anaouanzisha peke yake. Picha zake ninazo, nguo zake ninazo. Sauti sina. Ninaamka asubuhi najaribu kukumbuka alivyokuwa akiniita, nashindwa. Inaniondoka, waitu."

Mzee akikusihi kwa "waitu" humkatalii; nikamwambia akae, atamsikia sasa hivi. Nikachomeka eksteno. Badala ya kufunguka ikaanza kugonga: tik, tik, tik. Mtu wa kazi hii akisikia mlio ule anajua. Sindano ya ndani inatafuta mahali pa kusoma na haipati. Nikachomoa, nikachomeka tena. Tik, tik, tik.

Ta Faustini akasogeza kiti chake karibu na spika. "Ndiyo anaanza?" akauliza.

Mpaka leo nikikumbuka swali lile najisikia vibaya. Nilimjibu kwamba waya una tatizo dogo, nitamwita. Akashukuru, akavaa kofia yake, akaondoka.

Kule mjini yuko fundi wa simu na kompyuta anaitwa Abdu, rafiki yangu wa siku nyingi. Aliiweka eksteno sikioni, akanitazama.

"Kaka, hii si ile ya kuja na programu?"

"Ndiyo yenyewe."

"Na nakala nyingine umeiweka wapi?"

Nikaionesha ileile mkononi mwake. Abdu akavuta pumzi. "Basi hapa tuisomee tu dua," akasema, na hakuwa anatania. Nilipoanza kuondoka akaniita. "Kuna mtu Muleba, nyuma ya soko. Mimi sijawahi kumwona uso kwa uso, nisikudanganye. Ila diski zilizopelekwa kwake, hata zile nilizokata tamaa nazo, nimeona zimerudi zinafanya kazi."

Nikaenda Muleba. Sikiliza, mambo ya namna hii watu wanapenda kuyaweka usiku wa manane, bundi analia. Langu lilikuwa mchana, jua linawaka, watu wanauza nyanya. Nilikuwa nimetoka kupiga muziki harusini, sijalala vya kutosha, sijala kitu tangu asubuhi. Nilipita wauza maharage, nikauliza, nikaoneshwa mlango wa mbao usio na kibao chochote. Ndani palikuwa na meza, kigoda na dirisha dogo. Hapakuwa na kompyuta. Hapakuwa hata na waya wa umeme ulioingia mle. Hilo niliona, nikalipita. Uchovu una tabia hiyo, unaona kitu na huna nguvu za kukiuliza.

Mtu mwenyewe umri wake sikuweza kuukisia. Shati safi, vifungo mpaka shingoni, uso laini. Alinisalimia kwa Kihaya cha ndani kabisa, kile cha mababu, mpaka nikaona aibu kumjibu kwa Kihaya changu cha mjini. Kwenye meza yake palikuwa na bisibisi moja na kikapu kidogo chenye kifuniko. Hakuniuliza nimekuja na shida gani. Alinyoosha mkono tu, nikampa.

Akaifungua eksteno kwa bisibisi. Ukingo wa bati ukamkata kidole gumba, damu ikatoka, wala hakuifuta. Kisha akaiweka sikioni, akafumba macho.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Haikuwa imechomekwa popote. Ilikuwa mkononi mwa mtu, imeachwa wazi, na ikaanza kuimba. Kwanza kidogo, kama redio ya jirani. Halafu kwaya nzima ikaja, alto, tena, besi, sauti zote, na juu yao Ma Adelina. Nilimtambua pale pale. Nywele zilinisimama, niamini, lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko woga. Nilimfikiria Ta Faustini na kiti chake karibu na spika.

"Ndiye huyu?" mtu yule akauliza.

"Ndiye, waitu. Ndiye kabisa."

Akaendelea kusikiliza. Vikapita vinanda na ngoma za ile programu, zikapita kwaya nyingine, maharusi, wahubiri. Halafu ikaja sauti ya mama yangu. Ngoja nikueleze ilifikaje humo. Siku tuliyorekodi ile kwaya ya Kaagya, mama alitubebea chakula, akaingia kanisani maikrofoni ikiwa wazi, na akaanza kunisema mbele ya waimbaji wote: mwanangu, utaimbisha watu mpaka lini, wewe mwenyewe hata maji hujanywa, njoo ule, njoo ule kabla hakijapoa. Watu walicheka sana. Kile kipande nilikihifadhi peke yake kwa sababu kila nikikisikia nacheka.

Mtu yule akafumbua macho.

"Huyu ni nani?"

"Ni mama yangu."

"Anakuita wewe?"

"Mimi, ndiyo."

Akaipapasa ile diski kwa kidole chenye damu. Mama akaanza upya: mwanangu, utaimbisha watu mpaka lini. Akamsikiliza hadi mwisho, akamrudisha tena. Uso wake, sijui nikuambieje. Umewahi kumwona mtoto amesimama nje ya nyumba ya watu, wenyewe wanakula ndani? Ni uso ule.

"Yuko hai?"

"Yuko hai, yuko Kaagya."

"Mimi sijawahi kuitwa hivyo," akasema.

Nikamhurumia. Kweli kabisa, nilimhurumia. Halafu akasema, "Wote nakurudishia. Mmoja niachie."

Sasa lazima uelewe kazi yetu. Fundi akikusaidia, anachomeka flashi yake na kunakili nyimbo anazozipenda. Hakuna anayeuliza ni zipi, kuuliza ni uchoyo. Nilijua anataka nakala. Ungekuwa wewe ungejua nini kingine? Nikamjibu kama ninavyowajibu wote: "Chukua yoyote."

Akafunika eksteno, akakaza skrubu zake, kisha akafungua kile kikapu. Ndani mlikuwa na akamwani, zile kahawa za kuchemsha na kukausha ambazo mgeni yeyote kwetu anapewa atafune. Lakini mgeni anapewa zake kiganjani. Yeye alichukua tunda moja tu, akalimenya kwa kile kidole chenye damu, akatoa punje zake mbili. Moja akala yeye, moja akanipa mimi.

Wahaya wenzangu mmeshaelewa, najua mmeanza kunilaumu. Zamani watu wawili walipotaka kuwa ndugu, ndugu hasa, waligawana punje mbili za tunda moja, na kila mmoja aliila ya mwenzake ikiwa na damu. Kuanzia hapo cha huyu ni cha yule, na mama wa huyu ni mama wa yule. Lakini hayo tuliyasikia kwa wazee, sisi hatukuyaona. Mimi nilikuwa na njaa, nilikuwa na haraka ya usafiri, na punje ya kahawa kwangu ni punje ya kahawa. Nikatafuna. Ilikuwa na chumvi kidogo.

"Umsalimie mama," akasema nilipokuwa natoka. Si kila mtu husema hivyo?

Kesho yake nikachomeka eksteno studio, ikafunguka kama mpya. Hakuna tik wala nini. Nikamwita Ta Faustini. Alikaa palepale karibu na spika na kofia yake magotini. Wimbo ulipoanza hakulia. Alisikiliza, halafu akaniomba nirudishe nyuma, kabla ya wimbo.

"Hapo amekohoa," akasema. "Nirudishie hapo."

Nikamrudishia kikohozi cha mkewe mara nyingi, mpaka mwenyewe akaniambia basi inatosha. Nilimwekea kwenye simu na kwenye flashi mbili. Kwenye misa ile walipiga wimbo wa Ma Adelina kanisani, na watu wa Kaagya bado wanaizungumzia. Kazi yangu kwa Ta Faustini ilitimia, na sijuti kwa ajili yake. Hilo nataka lieleweke.

Mama alinipigia simu siku chache baadaye. Kwenye kioo nikaona jina lake, nikapokea, kimya. Nikasikia kuku. Nikasema haloo, haloo, nikakata nikijua ni mtandao. Akapiga tena, kuku walewale. Jumapili tukaenda Kaagya na mke wangu, Editha. Mama akatoka nje akifuta mikono kwenye kitenge, na midomo yake ikaanza kusema, na hakuna kilichonifikia. Nilisimama pale natabasamu kama mjinga.

"Mbona humjibu mama?" Editha akaniuliza. Yeye nilimsikia vizuri.

Nisikuchoshe na yaliyofuata. Mama kwanza alidhani nimemkasirikia. Alipoelewa, alinishika masikio yote mawili kwa mikono yake, akayavuta kidogo, akayapuliza, kama alivyonifanyia nikiwa mtoto na maji yameingia. Machozi yalimtoka. Namwona analia mbele yangu na hata kwikwi siisikii. Usiombe jambo hilo likupate.

Studio nikafungua kile kipande chake. Kwenye kompyuta mistari inapanda na kushuka kama kawaida, sauti ipo, Editha anacheka pale pale watu wanapocheka. Mimi nasikia vicheko vya waimbaji vikijibu kimya. Nikarudi Muleba. Ulitegemea nini? Ule mlango ulikuwa na kufuli lenye kutu, na mama mmoja muuza maharage akaniambia, "Humo hakai mtu, baba. Ni stoo ya magunia, na mwenyewe yuko Mwanza miaka yote." Padri ameniombea. Wataalamu wa mitishamba nimewaona, wa karibu na wa mbali. Nimechoka, nimeacha.

Na ile eksteno? Ipo. Nilinunua nyingine mbili mpya, nzuri, za dukani, nikanakili kila kitu. Zote mbili zimeshakufa, moja ikifuata nyingine. Hii iliyokuja na programu, ambayo kila mtu alisema ni ya safari moja, haijawahi kugoma tena. Imeanguka sakafuni, imelowa mvua, waya wake bado umebanwa na kipande cha boksi, na ukichomeka inawaka hapohapo. Vijana wa studio wananiuliza kama diski hizi zinaaminika. Nawajibu kwamba yangu inaaminika mno. Kuitupa naogopa, maana sijui nikiitupa nini kingine kitaondoka.

Juzi tulikwenda tena Kaagya. Nikaona banda la kuku limejengwa upya, kuni zimepasuliwa na kupangwa, migomba imewekewa miti ya kuegemea. Mama hana nguvu hizo, na mimi sikutuma mtu. Nikamwomba Editha aulize nani amefanya. Mama akajibu kirefu, anatabasamu, mikono inacheza. Muda mrefu sikuwa nimemwona amechangamka hivyo. Editha alikawia kunitafsiria.

"Anasema ni ndugu yako wa Muleba. Anasema huwa anakuja katikati ya wiki, anapewa chakula, anakaa kwenye kigoda pale mlangoni anamsikiliza mpaka jua linazama. Anasema yule hachoki kusikiliza."

"Muulize anaitwa nani."

Editha akauliza. Mama alishangaa, akacheka, kana kwamba tumemuuliza swali la kitoto. Akasema neno moja tu. Hilo niliona hata kwa midomo. Editha akanigeukia.

"Anamwita jina lako," akasema.

Nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba, kwenye mibuni. Nilikuwa na hasira ya kuua mtu, na nilikuwa na wivu, mimi mtu mzima mwenye watoto. Lakini chini ya hasira ile, Mungu anisamehe, kulikuwa na nafuu. Mama yangu anapoongea kuna mtu anamsikia, na mtu huyo si mimi. Sijui kama nimfukuze au nimshukuru. Wewe ungefanyaje? Nimeuliza watu wengi na hakuna aliyenijibu.

Kama una studio, fanya karatasi inavyosema: nakili, kisha weka ile ya bure kabatini, na kazi ya mteja isikae mahali pamoja tu. Mtu akikuomba kitu chako kimoja, muulize ni kipi, hata akikuona mchoyo. Na mtu akikumenyea tunda moja la kahawa mgawane, hata una njaa kiasi gani, mwambie asante, umeshiba. Hayo ndiyo ya kujikinga. Lakini kama mama yako yuko hai, achana na hadithi yangu umpigie simu sasa. Akianza zile habari zake ndefu za majirani, usimkatize, mwache amalize.